Nani Alikuwa Juu ya Mwenye Makao? Kisa cha Boito, Bomet

Februari 2021, mahakama ya shirikisho katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, ilimfunga Gregory Dow miaka 15 na miezi 8. Alikuwa amekiri Juni 2020 mashtaka manne ya kuwadhulumu watoto kingono akiwa katika nchi ya kigeni. Nchi hiyo ni Kenya, na mahali penyewe ni Boito, kaunti ya Bomet, ambako yeye na mkewe walianzisha makao ya watoto mwaka 2008. Kesi ilihusu wasichana wanne na kipindi cha kati ya mwaka 2013 na 2017. Wawili kati yao walikuwa na miaka 11 tu dhuluma ilipoanza.

Hukumu ilipotoka, wengi walimzungumzia Dow mwenyewe: ni mnyama, ni shetani aliyejivika umisionari. Maneno hayo yanapoza moyo, ila hayamsaidii sana anayefanya kazi na watoto. Watu wa namna hiyo walikuwepo na watakuwepo, na kazi yao ya kwanza daima ni kutafuta mahali penye watoto wengi na maswali machache. Mimi naliangalia kwa upande mwingine. Dow aliishi na watoto wa watu kwa miaka tisa. Katika miaka hiyo, ni nani aliyekuwa na uwezo wa kumketisha chini na kumuuliza swali, na akikataa kujibu, achukuliwe hatua? Nikiipitia kesi hii tangu mwanzo, simwoni mtu huyo.

Rekodi iliyobaki Iowa

Mwaka 1996, miaka kumi na miwili kabla ya kufungua makao Boito, Dow alikiri kosa katika jimbo la Iowa: kumshambulia mtu kwa nia ya kumdhulumu kingono. Hakufungwa. Alipewa miaka miwili ya uangalizi wa mahakama na kutakiwa awemo katika daftari la wakosaji wa kingono kwa miaka kumi. Piga hesabu. Miaka kumi inaishia 2006 au hapo karibu, na 2008 familia inapanda ndege kuja Kenya.

Kuomba kazi ya kupika katika shule ya bweni hapa Kenya, mara nyingi utaambiwa ulete cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai ya polisi. Unapigwa alama za vidole, unalipa, unasubiri. Ni utaratibu mzuri kwa mtu aliyeishi maisha yake yote hapa. Kwa mgeni aliyetua Jomo Kenyatta mwezi uliopita, cheti hicho kinasema jambo moja tu: hajawahi kukamatwa Kenya. Hata Dow angekiomba mwaka 2008, kingetoka safi kabisa, na kisingekuwa na uongo wowote ndani yake.

Wala hakuwa peke yake. Simon Harris, Mwingereza aliyewahi kuwa mwalimu, alifungwa miaka 17 na miezi 4 na mahakama ya Birmingham mwaka 2015 kwa makosa dhidi ya watoto, wakiwemo wavulana wa mitaani wa Gilgil, mji wa hapa Kenya. Yeye pia alikuwa ameshapatikana na hatia kwao, ya kuwa na picha chafu za watoto, na baada ya hapo akaendelea kuja Gilgil. Mabara mawili, watu wawili wasiojuana, na mwanya ule ule: kosa linaandikwa katika nchi moja, mkosaji anaenda kuanza upya katika nyingine ambako hakuna anayeuliza ametoka wapi.

Nadhani tunaogopa kuuliza. Mkenya akija kijijini akasema anataka kukusanya watoto wa watu na kuwalaza kwake, ataulizwa ukoo wake, kanisa lake, alisoma wapi, na mkewe ametoka upande gani. Mzungu akija na ombi hilo hilo anatafutiwa shamba.

Yeye ndiye kila kitu

Dow alijitambulisha kama mmisionari Mkristo, na watoto aliwataka wamwite Baba. Pesa zilitoka Marekani, kwa michango ya watu wa makanisa na wahisani wengine, wakiwemo wa Lancaster County, Pennsylvania, alikotoka. Utauona mpangilio ukichora mistari kwenye karatasi. Mwanzilishi ni yeye. Msimamizi wa kila siku ni yeye na mkewe. Anayeandika barua kwa wafadhili na kupiga picha za watoto wakitabasamu ni upande huo huo. Kiongozi wa sala ni yeye. Mistari yote inaishia kwa mtu mmoja, na hakuna mstari unaotoka kwake kwenda kwa mwingine.

Sasa mweke mlezi katika mpangilio huo. Ni mwanamke wa hapo kijijini, pengine ana watoto wake watatu, na mshahara huu ndio unaolipa karo. Akiona jambo linalomtia wasiwasi, kwa mfano mtoto anaitwa usiku, au mtoto aliyekuwa mchangamfu amenyamaza ghafla, atamwambia nani? Sera ikiwepo itamwambia aripoti kwa meneja, naye meneja ndiye anayemtilia shaka. Akienda kwa chifu, habari itarudi kwenye makao kabla yeye hajafika nyumbani, maana makao ya aina hii huwa yanachimbia kijiji kisima, yananunua mahindi na kuwapa vijana vibarua. Simwiti mlezi huyo mwoga. Amehesabu, na hesabu yake ni sahihi.

Mtoto naye ana hesabu yake. Wengi wa watoto wanaoitwa mayatima katika makao ya Kenya wana mzazi mmoja hai au jamaa wa karibu. Kilichowaleta ni umaskini. Mama amemleta binti yake kwa sababu aliahidiwa chakula na shule, na pengine amewaacha wadogo wa binti huyo hapo hapo. Msichana akisema, anajua anachoweza kupoteza: kitanda, daftari, ndugu zake. Anajua pia kwamba huyu anayemshtaki ndiye aliyeombewa baraka mbele ya watu wote. Ndiyo maana siwaamini sana wanaouliza, kwa sauti ya lawama, kwa nini wasichana walinyamaza muda mrefu hivyo.

Halafu kuna afisa wa watoto. Kisheria mtoto anapaswa kuingia katika makao kwa amri ya mahakama na hali yake kufuatiliwa na serikali. Kivitendo afisa mmoja anabeba eneo kubwa, kesi za matunzo zimejaa mezani, gari halina mafuta. Anapofika makaoni amekwisha kupiga simu siku mbili kabla. Anakaribishwa ofisini, chai inaletwa, watoto wanaimba wimbo. Atakagua vyoo, jiko, idadi ya vitanda na rejesta. Makao yanaweza kupata alama za juu katika yote hayo huku mtoto akidhulumiwa chumba cha pili.

Vijiti mkononi

Katika kesi hii yote, hili ndilo ninalolirudia mara kwa mara. Waendesha mashtaka wa Marekani walieleza kwamba mke wa Dow aliwapeleka wasichana kliniki wakawekewa mkononi njia ya kuzuia mimba, ile ya vijiti vinavyopachikwa chini ya ngozi. Kwa njia hiyo mumewe angeendelea bila kuhofia kwamba mimba itamfichua.

Kwanza inamaanisha kwamba haya hayakuwa maovu ya mtu mmoja gizani. Kulikuwa na safari, na mtu mzima wa pili aliyeifanya. Mkewe alishtakiwa hapa Kenya na kupatikana na hatia. Katika mafunzo ya ulinzi wa watoto huwa tunamfundisha mlezi amtazame mwanamume mgeni. Kisa hiki kinatulazimisha kumtazama pia mama wa nyumba anayemfunikia.

Pili, na hapa ndipo mlango mmoja ulipokuwa wazi kwa kweli, watoto walitoka nje ya ua. Walikaa mbele ya mtu aliyevaa koti jeupe, asiyelipwa na makao. Kwa sheria ya Kenya hakuna mtu wa chini ya miaka 18 anayeweza kukubali tendo la ndoa na mtu mzima. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inaliita kunajisi, mtoto awe alisema ndiyo au hapana. Kwa hiyo msichana mdogo anapoletwa awekewe vijiti, lile ombi lenyewe tayari ni dalili. Akiletwa na mtu asiye mzazi wake, dalili zimekuwa mbili. Wakija zaidi ya mmoja kutoka makao yale yale, muuguzi hahitaji uchunguzi wa kitaalamu kujua kwamba kuna jambo.

Najua utetezi utakaotolewa. Wahudumu wa afya wamefundishwa kwa miaka wasiwafukuze wasichana wanaotafuta uzazi wa mpango, na ni sawa. Msichana wa miaka 16 aliyekuja mwenyewe akikemewa hatarudi, au atarudi akiwa na mimba. Lakini kumhudumia bila kumhukumu hakuzuii kuongea naye peke yake. Mlango ufungwe, aliyemleta abaki nje kwenye benchi, aulizwe maswali matatu kwa lugha yake ya nyumbani: nani amekuleta, kwa nini, kuna mtu anayekugusa? Kwa Bomet lugha hiyo ni Kikalenjin, na muuguzi wa eneo hilo anakizungumza vizuri kuliko mwenye makao. Dakika kumi. Katika miaka ile yote hiyo ndiyo ingekuwa nafasi yao ya kuongea na mtu mzima ambaye hakuwa na deni lolote kwa Dow.

Waliofungua mlango

Septemba 2017 wasichana wawili walitoroka makao hayo. Kutokana na kutoroka kwao habari zikafika kwa polisi wa Kenya, na Dow akaondoka nchini kurudi Marekani kabla hajatiwa mbaroni. Kwa hiyo kengele ya kwanza ililizwa na watoto, kwa miguu yao. Kati ya wafadhili, kliniki, kanisa na ofisi za serikali, hakuna aliyewatangulia.

Kesi ingeweza kuishia hapo. Dow alikuwa amerudi Lancaster, maelfu ya kilomita kutoka kwa mashahidi. Iliyoizuia isizikwe ni jamii yenyewe: mwanamke Mkenya mwenye asili ya eneo hilo, aliyekuwa akiishi Lancaster, alikutana na habari hizi kwenye Facebook mwaka 2018. Akagundua kwamba mtuhumiwa anaishi mji mmoja naye. Alisafiri hadi nyumbani, akawatafuta wasichana na kuwasikiliza, na taarifa zikafika kwa vyombo vya Marekani. FBI, shirika la upelelezi la Marekani, wakafanya uchunguzi wakishirikiana na wapelelezi wa Kenya, na Julai 2019 Dow akafunguliwa mashtaka na kukamatwa.

Inafaa kusema kwa nini aliweza kushtakiwa kule. Sheria ya Marekani, iliyopanuliwa mwaka 2003, inaruhusu raia wake ashtakiwe nyumbani kwa kumdhulumu mtoto kingono akiwa nchi ya nje, na kila kosa linaweza kufikia kifungo cha miaka 30. Kwa kukiri kwake wasichana waliepushwa na kusimama kizimbani mbele yake. Hilo si dogo. Lakini linganisha adhabu. Hapa Kenya, kumnajisi mtoto wa miaka 11 au chini ni kifungo cha maisha. Akiwa na miaka 12 hadi 15, ni miaka isiyopungua 20. Aliyekimbia Kenya akakiri Marekani alipata kifungo kifupi kuliko kile cha chini kabisa ambacho sheria yetu ingempa kwa msichana mmoja tu kati ya wale wadogo. Pamoja na kifungo alipewa uangalizi wa maisha baada ya kutoka jela, na kuamriwa kulipa fidia ya dola 16,000. Gawa kwa wanne.

Tofauti ya Upendo

Kuna kisa kingine cha karibu kinachofaa kuwekwa kando ya hiki. Matthew Durham, kijana kutoka Oklahoma, alikuwa akija kujitolea katika makao ya watoto ya Upendo, eneo la Nairobi. Mwaka 2014 mlezi mmoja wa hapo hakupendezwa na jinsi kijana huyo alivyokuwa karibu na watoto, akawauliza watoto, wakasema. Mlezi akamwambia msimamizi wake. Durham akahojiwa na viongozi wa makao, akapatikana na hatia mbele ya mahakama ya Marekani mwaka 2015, na mwaka uliofuata akafungwa miaka 40.

Sitaki kuipamba Upendo. Watoto waliumizwa hapo, na mtu wa kujitolea hakupaswa kulala karibu nao. Lakini tazama kilichotokea baada ya mlezi kushtuka. Alikuwa na mtu wa kumwambia, na huyo aliyeambiwa alikuwa na uwezo juu ya mtuhumiwa. Durham alikuwa mgeni katika makao ya wengine. Dow alikuwa mwenye makao. Ukiweka mlezi yule yule, mwenye jicho lile lile na ujasiri ule ule, katika ua wa Boito, sioni angeenda wapi.

Ndiyo maana huwa sitosheki ninapoona makao yakionyesha fomu ambazo wafanyakazi wote wamesaini, kwamba watawalinda watoto. Fomu zinawafunga wapishi na walinzi. Mwanzilishi amesaini kwa nani?

Kilichobadilika, na kisichobadilika

Novemba 2017 Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto, kwa wasiwasi mpana zaidi kuhusu biashara ya watoto na makao yasiyofuata kanuni. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 imefutwa na nafasi yake kuchukuliwa na ile ya 2022, na mwaka huo huo serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kutoka makaoni hadi kwenye familia, za kwao au za malezi. Naunga mkono mwelekeo huo. Ila familia ya malezi nayo ina mlango unaofungwa usiku, na mjomba anaweza kuwa Dow bila nauli ya ndege. Mtoto akihamishwa kutoka ua wenye walezi sita hadi nyumba ya watu wawili, na afisa akabaki yule yule asiye na mafuta ya gari, ulinzi wake umepungua.

Kwa makao ambayo bado yanafanya kazi, na yapo mengi, ningeanza na bodi. Iwe na watu wa eneo hilo ambao hawalipwi na mwanzilishi wala si jamaa zake, wenye uwezo ulioandikwa wa kumsimamisha siku tuhuma inapotolewa, kabla haijathibitishwa. Mfadhili wa nje awe na nambari ya simu ya bodi hiyo, na mlezi awe nayo pia. Michango isiingie kwenye akaunti inayosainiwa na mume na mke peke yao.

Ukaguzi uje bila kupigiwa simu, na baadhi yake jioni, baada ya chakula, kwa sababu mengi yanayowapata watoto huwapata saa hizo. Afisa achague mwenyewe watoto wa kuongea nao, kutoka kwenye rejesta, na aongee nao nje ya jengo. Rejesta ya matibabu isomwe ukurasa kwa ukurasa: nani alipelekwa kliniki, na nani, kwa nini. Boito ingesomwa hivyo, safari za vijiti ama zingeonekana, ama lingeonekana pengo mahali zilipofichwa.

Na kwa mgeni anayetaka kukaa na watoto, cheti cha DCI kiwe nyongeza tu. Alete cha kila nchi aliyoishi akiwa mtu mzima. Waingereza wana cheti maalumu cha ulinzi wa watoto kwa raia wao wanaofanya kazi nje, na Mmarekani anaweza kuomba FBI nakala ya rekodi yake mwenyewe kwa alama za vidole. Inachukua wiki kadhaa na ada isiyomshinda mtu aliyeweza kununua tiketi ya ndege kwa familia nzima. Wapo watakaonung'unika kwamba tunawavunja moyo watu wema waliokuja kusaidia. Wale wema niliowahi kufanya nao kazi huleta karatasi hizo kabla hawajaombwa, kwa sababu kwao hakuna shule ya chekechea inayoweza kuwaruhusu kuingia darasani bila hizo.

Nambari ya bure ya kuripoti dhuluma dhidi ya mtoto nchini Kenya ni 116. Ibandikwe bwenini na chooni, si ofisini tu, na pawepo simu ambayo mtoto anaweza kuifikia bila kuomba ruhusa kwa mwenye makao.